Baya Kwanza, Salamu Baadaye

Salma, mjukuu wa dada yangu, ameniambia ati anataka kusomesha Wachina Kiingereza kwa kompyuta. Yeye yuko kitandani kwake Nizwa, huku huku Oman, mtoto wa Kichina yuko kwao China, juu Salma kavaa mtandio wa heshima na chini suruali ya kulalia. Akaniuliza, "Bibi, wewe umewasomesha Wachina. Nianzie wapi?" Nikamwambia aanze kwa kuvaa nguo kamili, maana ipo siku paka atapanda mezani na itabidi usimame umfukuze. Akacheka. Sikuwa nafanya mzaha.

Basi haya nayasema kwa Salma na kwa wenzake wote wenye hamu ya kazi hii. Mie si profesa. Nimezaliwa Unguja, nimesoma Unguja, na nimekuja Ibra nikiwa mtu mzima, Kiingereza changu kichwani na mbuzi ya kukunia nazi sandukuni. Vyote viwili vimenifaa, ingawa jamaa zangu wa huku waliifurahia mbuzi zaidi. Nikasomesha skuli za binafsi mpaka nikaambiwa, haya Bi Rukia, umestaafu, nenda kapumzike. Nikapumzika wiki mbili. Ya tatu nikaanza kugombana na friji.

Ndipo nilipopata kazi ya Wachina. Kampuni yao ilikuwa inasimamisha nguzo za umeme nje ya Mintirib, pale barabara inapokata tamaa na mchanga unapoanza. Wakubwa wa kazi ni Wachina, madereva Wapakistani, polisi wa njiani Waarabu, na mkuu wa usalama ni Mskoti mmoja akiitwa Bwana Duncan, uso mwekundu kama amepakwa pilipili. Wote hao ikaamuliwa wakutane kwenye Kiingereza, lugha ambayo hakuna aliyenyonyeshwa nayo isipokuwa Duncan, na Duncan ndiye aliyekuwa hafahamiki kabisa. Kila alasiri basi dogo la kampuni linanichukua Ibra, linanishusha kambini, nasomesha kwenye chumba cha kulia chakula kinachonuka kitunguu thomu, kisha linanirudisha.

Siku ya kwanza nilisomesha kwa bidii zote nilizojaaliwa. Nikaeleza, nikaandika, nikatoka jasho. Nikauliza, "Mmefahamu?" Wakaitikia wote kwa pamoja, ndiyo, mwalimu! Nikarudi Ibra najisifu mpaka dereva akachoka. Kesho yake nikauliza lile lile la jana. Hapana hata mmoja aliyekuwa ameambulia kitu. Nikampigia Maalim Seif, mzee wetu aliyenifundisha kazi hii nilipofika Ibra, sasa yuko kwake Manah anagombana na mitende yake. Maalim akaniuliza, "Na wewe Rukia, mwalimu wako akikuuliza umefahamu, ulikuwa unamjibu nini?" Nilikuwa namjibu ndiyo, na nilikuwa sijui hata anasomesha somo gani. "Basi," akasema, "usimuulize mtu kama amefahamu. Mpe kazi aifanye, utaona mwenyewe."

Hilo la kwanza, Salma. Usiulize kama wamefahamu. Mwambie mtu fungua dirisha, chora kreni, nipe kijiko kikubwa. Akikuletea sahani, umeshapata jibu na hakuna aliyeaibika. La pili, usimsahihishe mkubwa mbele ya wadogo zake. Nilimsahihisha fundi mkuu mara moja tu mbele ya vijana wake, na wiki nzima hakufungua mdomo ila kula. Tangu hapo makosa ya mkubwa nikiyasikia nayabandika kwa mwengine asiyekuwepo. "Jana kuna mtu alisema hivi," nasema, na fundi mkuu anatikisa kichwa kumsikitikia huyo mjinga.

Simu nazo zilinitesa. Zamani tulikuwa na chaki, kisha kaseti iliyokuwa ikimeza utepe kila tukifika kwenye zoezi la tano, na hapana aliyedanganya. Hawa wa sasa mtu anaizungumzia simu kwa Kichina, simu inanijibu mie kwa Kiingereza kizuri kuliko changu. Nikaenda jikoni nikaazima sufuria kubwa la wali, nikaliweka mlangoni. Kila anayeingia, simu ndani ya sufuria. Siku moja mpishi alilihitaji sufuria lake akalichukua na simu zote, na alhamdulillahi aliangalia ndani kabla ya kutia maji.

Aliyenisaidia kulirudisha alikuwa Lin. Huyo mshike, maana habari hii ni yake. Lin alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, msimamizi wa stoo ya kambi. Ukitaka misumari, glavu, kamba, lazima umpitie Lin, na Lin hakupi mpaka umemrudishia ile kamba ya zamani. Siku ya mwanzo alinikaribisha kikombe cha maji ya moto matupu. Nilidhani amesahau kutia majani ya chai. Nikanywa kwa adabu, akaniongeza, nikanywa, akaniongeza. Kumbe kwao ndivyo wanavyokunywa, na kikombe cha mgeni hakiachwi kitupu. Na mie kwa mila ya huku nilikuwa nakitikisa kikombe, ishara ya kusema nimetosheka kama unavyotikisa finjani ya kahawa, na yeye akaona huyu mama kiu imemzidi mpaka anatetemeka. Safari ya kurudi Ibra siku hiyo sitaisahau.

Mumewe Lin akiitwa Wu, dereva wa kreni kubwa. Miaka mingi Wu alikuwa akifanya kazi nchi za watu, leo huku kesho kule, na Lin nyumbani analea. Mtoto alipokwenda zake chuo, Lin akaomba kazi hapo hapo alipo mumewe. "Miaka yote hiyo nimeolewa na simu," aliniandikia siku moja kwenye daftari lake. Sasa jioni wakitoka kazini wanakaa kwenye ngazi ya kontena lao la kulala wanakula mbegu za alizeti, wanatema maganda, hawasemi kitu. Mie nikiwapita kwenda kwenye basi nilikuwa natazama pembeni. Mume wangu amefariki zamani, na mwanangu Nassor anafanya kazi Muscat, na watu wawili wanaotema maganda pamoja wanaweza kukuliza ukiwatazama sana.

Sasa nije kwenye balaa lenyewe.

Nyinyi mliozaliwa huku mnajua namna tunavyosalimiana. Mtu hakurupuki na habari mbaya. Habari za hapo? Njema. Watoto? Hawajambo. Ndiyo tena ufike kwenye jambo lako. Shangazi yangu hapa Ibra, siku moja nilimpigia nikamuuliza habari zao. Njema. Bwana wake? Hajambo kabisa, anakusalimu, yuko hospitali kavunjika mguu. Na Waarabu wa Sharqiya, mkoa wetu huu, ni hivyo hivyo. Anakuuliza, "Shay ulum?" yaani kuna habari gani, nawe unajibu hakuna habari, salama tu, kisha ndiyo unakaa kitako unamweleza nani kafa na nani kaacha mke. Hiyo ni heshima. Nami nikawasomesha Wachina wangu Kiingereza kwa heshima hiyo hiyo. Kwanza salamu. Jibu ni jema. Uliza watu wa nyumbani. Uliza kazi. Kisha sema lako.

Na wao waliipokea kama mtu anayerudishiwa nguo yake kutoka kwa dobi. Lin akaniandikia kwamba mama yake naye, kwenye simu, hasemi baya hata siku moja. Alipasuliwa tumbo na Lin alikuja kujua baada ya mwaka. Nikafurahi sana. Nikajiona nimevuka bahari nikakuta jamaa.

Basi siku moja asubuhi Wu yuko kwenye mchanga anashusha nguzo. Akaona upande mmoja wa kreni unadidimia. Akashuka, na hilo ni la kumshukuru Mungu, akashika redio ya mkononi akamwita Duncan. Waliokuwepo walinihadithia neno kwa neno, maana redio ile kambi nzima inaisikia.

"Bwana Duncan, habari za asubuhi?"

"Nzuri. Kuna nini, Wu?"

"Nzuri, tunamshukuru Mungu. Watu wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Wu, unataka nini?"

"Na kazi, inakwendaje?"

"Wu!"

"Hapa kila kitu kizuri," akasema Wu. "Ila kreni imelala."

Alipoanza salamu kreni ilikuwa imeinama tu, na kreni ya pili ilikuwa karibu, ingeweza kuizuia. Alipomaliza kuuliza hali ya kazi, ilikuwa chali. Hakuumia mtu. Lakini Duncan alikuja darasani kwangu alasiri ile na uso umetoka wekundu umeingia zambarau. "Nani," aliniuliza, "aliyewafundisha hawa watu kuulizana habari za mama zao wakati chuma kinaanguka?" Nikamjibu kwamba kwetu hata nyumba ikiungua mtu husalimiwa. Halikuwa jibu la busara, nakiri, ila ndilo lililokuwa karibu.

Nilipofika nyumbani nikampigia Maalim Seif.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, Rukia. Habari za kazi?"

"Njema, alhamdulillahi."

"Na afya?"

"Nzuri, Maalim. Tumeangusha kreni."

Alicheka mpaka mkewe akaja kumuuliza ana nini. "Unajiona?" akasema. "Hata mie umenambia njema kwanza. Sasa utawatoaje wenzio kwenye tope na wewe umo humo humo?"

Siku chache baadaye ikatoka amri. Atakuja mtahini kutoka Muscat, kila mmoja atazungumza naye Kiingereza. Atakayeshindwa, mkataba wake ukimalizika haurefushwi, anarudi kwao. Isipokuwa madereva wa kreni, kwa sababu hao ni adimu, hata wale wanaozilaza. Mnaona mambo ya dunia? Wu aliyelaza kreni anabaki. Lin, ambaye hajaangusha hata msumari, mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha, na kuandika alikuwa anaandika vizuri lakini akiambiwa zungumza anaganda. Kila ukimuuliza, jibu ni moja: nzuri, asante. Lin habari? Nzuri, asante. Lin, stoo inavuja? Nzuri, asante.

Alinifuata baada ya darasa, akasimama pembeni ya sufuria la simu. "Mwalimu," akasema, "mimi sitaki kuolewa na simu tena." Hayo ndiyo maneno marefu kabisa aliyowahi kunambia kwa Kiingereza. Nililala vibaya siku hiyo, nikijua fika nani aliyewatia kwenye mkenge.

Nikaanza kuwafundua. Hili neno halimo kwenye vitabu vya ualimu, lakini Salma, nusu ya kazi ni kufundisha na nusu ni kufundua. Nikaandika ubaoni: BAYA KWANZA. Nikawasimamisha mmoja mmoja. Ukiulizwa habari, tafuta kilicho kibaya, kitoe, kisha ndiyo salamu. Loo, ungedhani nimewaambia wavue nguo! Kijana mmoja wa vipimo, Zhao, alikuja shavu limevimba kwa jino mpaka jicho limefumba. Nikamuuliza, "Zhao, habari?" Akajibu kwa upande mmoja wa mdomo, nzuri, asante. Nikapiga meza. "Baya kwanza!" Akatazama chini, akatazama juu, akasema, "Nzuri... kidogo."

Lin ndiye aliyenikamata. Siku moja nilishuka kwenye basi nachechemea, goti limenishika. Akaniuliza, "Mwalimu, habari?" Nikajibu, "Njema, mwanangu." Darasa zima likapiga meza. Baya kwanza! Nikawaambia wakae kitako, mwalimu ni mie. Sikulitaja goti.

Siku ya mtihani ikafika. Mtahini alikuwa bibi mmoja wa Kizungu, mpole, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Mie nikaruhusiwa kukaa nyuma kwa sharti nisifungue mdomo, na nyinyi mnanijua, hilo lilikuwa mtihani kuliko wao. Wa kwanza akaitwa Wu, kwa kukamilisha tu. Akaulizwa habari. Wu akanitazama, akatabasamu, akasema, "Nzuri, tunamshukuru Mungu. Watu wa nyumbani hawajambo?" Akaanguka pale pale kama kreni yake. Zhao akaulizwa, akafungua mdomo akaonyesha jino, akasema, "Mbaya!" Bibi yule akakubali kwa roho safi na akamwambia aende hospitali.

Kisha akaitwa Lin. Alikaa amebana mikono magotini. Bibi akamuuliza kwa upole, kama watu wanavyoulizana tu kabla kazi haijaanza, "Habari za leo, Lin?"

Nikauma mtandio wangu.

"Mbaya," akasema Lin.

Bibi akavua miwani.

"Mbaya sana, bibi. Baya la kwanza ni wewe. Wewe utaandika Lin hajui, na Lin atarudi nyumbani. Mume wangu atabaki na mchanga. Yeye hajui kupika. Yeye anasema chakula kizuri hata kikiungua, kwa hiyo hawezi kujifunza. Baya la pili, nyumbani kuna kitanda kikubwa, nimelala peke yangu miaka mingi, upande mmoja umebonyea, upande mmoja mpya kabisa. Baya la tatu, mume wangu anazeeka, na mimi nilikuwa naona kwenye simu tu, na kwenye simu huwezi kumnyoa mtu nywele za masikio."

Hakusimama. Kiingereza kilikuwa kimepinda, kina mashimo, vitendo vya jana amevitia kesho, lakini kilikuwa kinakwenda, na kila neno lilikuwa limefika lilipotumwa. Duncan alikuwa amesimama mlangoni na karatasi zake na hakuondoka. Bibi yule akaweka kalamu chini. Mwisho akamuuliza, "Na zuri, Lin? Zuri liko wapi?"

Lin akafikiri. "Jioni," akasema. "Tunakula mbegu."

Akafaulu. Alama zake zilikuwa za juu kuliko za wote, akatoka nje, akamkuta Wu amechutama kivulini, akampiga begani kwa mkoba wake, sijui kwa furaha au kwa vile yeye kaangusha mtihani. Mie nililia mpaka Duncan akanipa kitambaa. Kilikuwa kichafu, lakini nilikipokea.

Kazi ile ikaendelea mpaka nguzo zikafika zilipotakiwa kufika, na kambi ikavunjwa. Kontena zikapakiwa kwenye malori moja moja. Lin na Wu walikuwa wanapelekwa kazi nyengine, nchi nyengine, pamoja. Mpishi aliniachia lile sufuria. Lin akaja na kikombe cha maji ya moto, akanipa kwa mikono miwili, akaniuliza, "Mwalimu, habari?"

"Njema, mwanangu," nikasema. "Njema kabisa."

Hakupiga meza, meza zilikuwa zimeshachukuliwa. Aliniangalia tu. "Baya kwanza, mwalimu."

Wallahi nilitaka kumwambia la goti. Goti lilikuwa tayari kwenye ulimi. Likatoka jengine. "Baya," nikamwambia, "ni kwamba nyinyi mnakwenda, na kesho alasiri basi halitakuja, na pale nyumbani Ibra nimebaki na friji." Lin akasema, "Hiyo Kiingereza nzuri sana, mwalimu." Tukacheka, tukalia, maji yakapoa.

Wiki ile ile akanipigia Nassor, mwanangu, kutoka Muscat. Hupiga kila Alkhamisi akiwa garini, mambo ya haraka haraka.

"Shikamoo, mama. Habari za hapo?"

Umri wangu wote nimelijibu swali hilo kwa neno moja. "Mbaya, mwanangu," nikasema.

Nikasikia gari linaegeshwa. "Mama? Mbaya vipi? Mama!" Nikamwambia mbaya tu, na chaji ikanikatikia, hilo si kosa langu. Usiku haujaingia sawasawa nikasikia breki mlangoni. Nassor, mkewe, watoto wote watatu na begi la dawa, wameingia mbio viatu mkononi. Wamenikuta nimekaa kwenye mkeka nakula mbegu za alizeti.

"Mama, una nini? Wapi panauma?"

"Hapaumi mahali," nikamwambia. "Nilikuwa peke yangu. Hilo ndilo baya. Sasa kaeni kitako, niulizeni habari za hapa, niwajibu njema."